Ripoti ya Maghala na Basi la Jumamosi

Jumatatu, 9 Machi 1987
Tangu asubuhi skripti yangu, ile orodha ya amri za kompyuta inayohesabu mali ya maghala ya kampuni, iko ghala la pili. Inapiga hesabu ya ghala moja, inamaliza, ndipo iingie lingine. Kobe! Mimi nimekaa naitazama tu. Ikienda hivi itaisha Jumamosi jioni, na basi la Machakos litakuwa limeondoka. Jumapili mwanangu Kioko, anayelelewa huko na mama yangu, anaimba kanisani. Nilishamwahidi mara mbili, mara mbili kompyuta hii ikanizuia. Naichukia.

Jumanne, 10 Machi
Kitabu cha mashine kinasema kazi inaweza kutupwa nyuma, yaani iendelee yenyewe pembeni, nyingine ianze bila kungoja. Kumbe! Nikasimamisha kila kitu, nikatupa maghala yote nyuma kwa mpigo. Punde printa ikaanza kutoa karatasi. Nilipiga makofi peke yangu. Bwana Kamau, mkubwa wangu, akasema, "Leo umeniweza, Mwende." Nikirudi nyumbani nilipitia soko la Kariobangi, nikamnunulia Kioko viatu.

Jumatano, 11 Machi
Aibu. Karibu maghala yote yametoka sufuri. Skripti ilichapisha bila kungoja kazi za nyuma zimalize. Nazo zilikuwa zinagombania kumbukumbu ya mashine, zikakwama zote. Bwana Kamau hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliuliza tu, "Jumamosi utakuwa hapa, sivyo?"

Usiku, chumbani kwangu mtaa wa Baba Dogo. Mkate mkavu na chai. Mama Wairimu wa mlango wa pili ana wageni, wanacheka. Mimi sina hata wa kumlalamikia.

Alhamisi, 12 Machi
Nimeandika upya. Maghala mawili mawili nyuma. Moja likingoja diski, lingine linapiga hesabu. Kisha amri ya kusubiri, mpaka yote mawili yamalize, ndipo mengine yaingie. Kuchapisha mwisho kabisa. Inakwenda. Naogopa kufurahi.

Ijumaa, 13 Machi
Imeisha kabla ya chai ya saa nne! Hakuna sufuri hata moja. Bwana Kamau amekagua mwenyewe, ghala kwa ghala. "Haya, nenda ukamwone mtoto." Viatu nimevifunga kwenye gazeti.

Jumapili, 15 Machi
Kioko ameimba. Ana sauti, jamani. Walipomaliza alikuja mbio kwenye benchi letu, akanipita, akajitupa mapajani mwa mama yangu. "Mama, umenisikia?" Alikuwa anamwuliza yeye.

Baadaye tulijaribu viatu. Havimwingii. Nimevirudisha kwenye gazeti.