Ng'ombe Sifuri Siku ya Uzinduzi

Jumamosi, Korogwe. Jua kali tangu asubuhi, na mimi nimeshiba pilau nisiyostahili.

Leo tumezindua toleo jipya la programu. Wengine huko duniani wanalisakinisha tu, wanaendelea na kazi. Kwetu kitu hakianzi mpaka kikatiwe utepe.

Tangu majosho yabinafsishwe, kumbukumbu za chanjo za ng'ombe wa Handeni zinakaa kwenye seva ya kampuni yetu. Jana fundi kutoka Dar alipandisha mfumo endeshi wa hiyo seva hadi toleo jipya. Ukiupandisha, programu ya kumbukumbu nayo inakuja na toleo jipya, linakaa kando ya lile la zamani kama mke mdogo aliyejengewa chumba uani. Chumba kipya, kitupu. Kumbukumbu hazihami zenyewe. Unazihamisha kwa amri, unasubiri, unakagua, ndipo unazima la zamani. Kwa seva yetu inayohema kama mgonjwa wa pumu, hiyo ni kazi ya kutwa nzima.

Fundi alijua. Mimi nilijua. Alimwomba Mkurugenzi wetu tusogeze siku, akajibiwa kwamba mgeni rasmi ameshathibitisha na mbuzi ameshachinjwa. Fundi akazima la zamani, akavaa fulana ya uzinduzi. Nami nikavaa yangu.

Inanibana kwapani.

Mgeni rasmi alihutubia sana, toleo akaliita "kompyuta mpya", kisha akabonyeza kitufe. Ukutani ukatokea ukurasa wa kijani unaong'aa: Idadi ya ng'ombe, 0. Tukapiga makofi. Wapo waliosimama.

Mzee Lekishon hakupiga. Alitoka Kwedizinga alfajiri kufuata kibali cha kupeleka ng'ombe wake bondeni Mkumbara, maana kwao maji yamekwisha na ndama wameanza kulala wasiinuke. Bila uthibitisho wa chanjo bwana mifugo hatii sahihi, na bwana mifugo mwenyewe alikuwa na basi la alasiri, anakwenda msibani, harudi wiki nzima.

Mzee akasogea ukutani, akaitazama ile sifuri, akamgeukia Mkurugenzi.

"Mwanangu, ng'ombe wangu wamekufa kwa kiu au kwa makofi?"

Mkurugenzi akacheka kile kicheko chake cha wageni, akasema mfumo uko vizuri, ni mtandao tu unasumbua. Mtandao! Seva iko chumba cha pili, naisikia ikikohoa.

Nikamnong'oneza kwamba la zamani lipo, limezimwa tu, naliwasha mara moja. Akanijibu huku akitabasamia kamera, "Ndugu yangu, lile tumeshalizika. Usinifukulie maiti mbele ya mgeni."

Basi. Walipoanza kugombea mapaja ya mbuzi, mimi na fundi tukaingia chumba cha seva. Yeye akasimama mlangoni na sahani yake kama mlinzi, mimi nikaliwasha. Ng'ombe wa Mzee wakatokea wote. Nikachapa uthibitisho wenye nembo ya zamani, bwana mifugo akaandika kibali juu ya kreti la soda, jicho liko kwenye saa.

Mzee alipokipokea aliitazama fulana yangu, akauliza kama na mimi nilipiga makofi. Nikamwambia nilipiga.

"Pole," akasema, akaondoka.

Sijatukanwa vizuri hivyo siku nyingi.

Jioni Mkurugenzi ametutumia ujumbe wa pongezi: mfumo mpya umetoa kibali siku ileile ya kuzinduliwa. Sikumsahihisha. Nimezoea. La zamani linaunguruma huko nyuma, linalisha nyumba nzima, na bibi harusi bado hajafungua hata sanduku.

Kesho Jumapili, ofisi imefungwa. Nitaingia peke yangu niwahamishe wale ng'ombe, nikague mpaka niridhike, ndipo nizime la zamani kwa heshima yake.

Nikimaliza simwambii mtu. Wakijua, watachinja mbuzi mwingine.