Kijapani cha Mama Mwenye Nyumba

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Minto, ughaibuni, sijambo. Mama yako yuko shifti, nami nakula peke yangu.

Unauliza kama uache Kijapani cha Osaka, ulichokiokota kwa mama mwenye nyumba anayekupikia, kwa sababu mwalimu anakicheka. Na acheke!

Mimi Kiswahili nilifundishwa na Mama Zawadi, mwenyeji wetu ukimbizini Kigoma, tukikamua mawese. Shuleni walinicheka, nikajirekebisha mpaka nikaongea kama mtangazaji wa redio. Niliposikia amefariki, nilisimama jikoni hapa nikajaribu kusema kama yeye. Nilikuwa nimeshasahau.

Jumapili ukipiga simu, niongeleshe kama huyo mama anayekupikia. Sitaelewa hata neno, ila nitajua huli peke yako.

Bibi yako