Jina kwenye Keekee

Karla, nilikuwa nafagia vumbi la shaba karakanani kwa mjomba kama kila asubuhi, posta wakaleta keekee ya kuchongea chemba ya bunduki, ile ya kuingia risasi niliyoibuni mimi.

Imeandikwa Tollefson. Jina la mjomba, aliyeiagiza.

Miaka miwili nimebana shingo ya ganda kubwa la risasi ya nyati hadi likashika risasi nyembamba zaidi. Yeye alichemsha kahawa tu. Na ndiye aliyenifundisha kwamba risasi mpya huitwa kwa jina la aliyeibuni.

Nikamuuliza kwa nini si jina langu. Akacheka, "Mpwa wangu, hapa Montana nani atawinda kwa risasi yenye jina la kike kama lako, Signe?"

Eti Tollefson, Karla.

Nikamwekea keekee mkononi. Ndipo akasema, bila kuniangalia, "Miaka arobaini natengeneza bunduki za watu. Nilitaka kitu kimoja kibaki na jina langu."