Trekta Aliyoichagua Baba

Nyumbani shambani,
Jumapili, 9 Juni.

Kaka mpendwa,

Hujambo wewe, hajambo wifi, hawajambo watoto? Na kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kujikaza kiume? Kunywa dawa, baridi ya huko haina adabu. Sisi huku wazima. Goti la mama linauma na kuacha. Yule ndama mweupe ameachishwa maziwa, analia kama kafiwa.

Fedha ulizotuma zimefika salama, ahsante sana. Mama aliposikia tutakuwa na trekta yetu wenyewe na mashine ya kufunga nyasi marobota, alikaa kitako kizingitini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Si unakumbuka ya mwaka jana? Tulingoja trekta ya kukodi, ngoja ngoja, mvua ikazikuta nyasi zimelala chini, zikaoza zote, tukauza ng'ombe wawili kwa kukosa cha kuwalisha. Hawa waliobaki wakikosa nao, tumekwisha. Na nyasi zimeshaiva, mwezi huu usiishe hazijakatwa.

Sasa kaka, kaa vizuri nikueleze, maana mwenzio nimechanganyikiwa.

Unajua kwetu hakuna injini inayonunuliwa bila baba kuisikiliza. Iwe pampu ya maji, iwe pikipiki ya jirani, atainamisha kichwa, atafumba macho, atasema chukua au acha, na hakuna wa kumbishia. Basi Alhamisi tukampeleka kwa muuza mitambo ya shamba, yule tunayemwita Meno kwa jinsi anavyocheka kabla hujamwambia kitu. Fundi wetu naye alikuwepo.

Zilikuwepo trekta mbili za kutufaa. Ya buluu ni ndogo, inapita kwenye geti letu bila shida, na fundi anasema itaizungusha mashine ya marobota vizuri tu. Meno akaiwasha. Ikanguruma taratibu, safi. Baba akainama, akafumba macho, akakaa hivyo. Halafu akamgeukia Meno. "Washa basi, bwana! Tunangoja nini?"

Ilikuwa inawaka, kaka. Mimi nilikuwa nauona moshi.

Meno cheko lote likamwisha. Fundi akaanza kukagua viatu vyake. Na mimi, sijui shetani gani alinituma, nikapiga kelele, "Imegoma, baba, twende hiyo nyingine!" Nilitaka tu asiaibike mbele za watu.

Hiyo nyingine ni nyekundu, lijitu zima, injini inagonga hata kuku wa pale walikimbia. Baba akaweka kiganja kwenye boneti. We! Uso ukamkunjuka. "Hii ndiyo injini," akasema. "Inasema waziwazi, haifichi kitu." Sijamwona na furaha ile tangu uondoke.

Njiani fundi hakujisumbua hata kunong'ona. Baba yuko katikati yetu, naye ananieleza wazi kwamba ile injini ni mgonjwa, tukiifunga mashine ya marobota haitalimaliza shamba letu. Baba anatikisa kichwa kukubali, akidhani tunaisifia. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilipomwambia mama, kumbe anajua siku nyingi. Akasema, "Mimi nimemsitiri, na wewe msitiri." Nikamuuliza, na ng'ombe je? Akaendelea kuosha vyombo.

Nifanyeje mimi? Nikisema kweli, nimemnyang'anya baba kitu pekee ambacho bado tunamuuliza hapa nyumbani. Nikinyamaza, nyekundu inakuja na nyasi zinaoza. Meno atatungoja mpaka mwisho wa wiki ijayo, basi. Leo asubuhi nimemkuta baba ameshika sururu, anang'oa nguzo ya geti ili trekta yake ipite. Nikarudi ndani, nikalia.

Mwandikie wewe, kaka. Fedha ni zako. Sema unataka ya buluu, sema lolote, hata useme umependa rangi. Atanung'unika, lakini wewe hatakukatalia. Barua hii naituma kwa dereva wa lori anayeondoka kesho, naye atayangoja majibu yako kabla ya kurudi.

Usimpigie simu. Najua mwaka mzima sasa akipewa anasema "haya, haya, salamu" na kumrudishia mama, na umeniuliza mara ngapi amekukasirikia nini. Hajakukasirikia, kaka yangu. Hakusikii.

Wifi na watoto nibusie. Mama anakusalimu sana, na shangazi pia, anasema, "Hujambo, mkimya wetu?" Mungu akufunike kazini na njiani, akurudishe kwetu mzima.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,

Kitindamimba.