Moyo wa Panya Mzee

Wewe, shika simu! Niko huku maabara ninakofagia vizimba vya panya.

Daktari ametoa mioyo miwili, wa panya kijana na wa panya mzee, akaidondoshea dawa ya kuusisimua moyo, ile ile ambayo mwili huimwaga mtu akishtuka. Wa kijana ukaruka. Wa mzee ukajikunja kidogo tu. Kidogo tu, ndugu yangu!

Akasema, "Uzeeni vipokezi vya moyo hupungua. Dawa inabisha hodi, ndani hakuna wa kuitika."

Nikamtania, "Na sisi wazee, binti yangu?"

Hakucheka. Akanishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo.

Unakumbuka jana lori liliponikosakosa, nikakuringia kwamba moyo haukudunda hata kidogo?

Nimemsimulia. Akasema, "Babu, hebu kaa chini kwanza."

Nimekaa. Mimi huyu, mtu wa mguu na njia kila siku, naogopa kusimama.