Ulanzi Hauna Kosa, Baba

Kambi ya askari wa jela,
Mbeya

Kwa Baba yangu mpendwa,

Kamwene, Baba. Pokea shikamoo yangu, na Mama umpelekee ya kwake. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima, ila huku mvua haitupi nafasi, na makoti ya serikali hayakauki. Katekista anayekusomea namwomba asome yote, asiruke neno hata akiona ukali, maana leo nina hasira.

Nimesikia mmekaa na ndugu zake Kastori, mkakubaliana kwamba akitoka jela ataapa kuacha pombe ya ulanzi, ataleta mbuzi, halafu mtamrudishia mdogo wangu Felista. Mnasema kilichomvunja Felista mkono ni ulanzi, siyo mumewe. Baba, hapa jela hakuna ulanzi. Tangu Kastori ahamishiwe huku kutoka Iringa hajaonja hata tone, na mimi namwona kila siku.

Zamani nilidhani mtu anayepiga mkewe ni yule mwenye kichwa moto. Tunaye mmoja hapa, Mnyakyusa wa Tukuyu, Mungu wangu, huyo ni balaa! Anagombana na wafungwa, anagombana na sisi askari, juzi kamtukana Bwana Jela mbele ya watu wote. Lakini mkewe akija kumwona anamuuliza habari za ng'ombe kwa sauti ya chini, na yule mama anamkaripia mbele yetu bila woga wowote. Mke anayepigwa hathubutu hivyo.

Kastori sasa! Huyo anainama mpaka unamwonea aibu. "Ndiyo afande, asante afande." Hajagombana na mtu. Bwana Jela kampenda, kamfanya nyapara wa jikoni. Mimi ananiita shemeji huku akichekacheka. Yale meno yake sipendi hata kuyaona.

Amepewa mzee mmoja Msafwa wa kumsaidia kupika. Mzee wa watu, mguu mbovu, hana wa kumtetea. Juzi nilipita nyuma ya jiko, upande wa kuni, wala hawakunisikia. Mzee alikuwa ameacha ugali ukaungua. Kastori hakupiga kelele, Baba. Alimwambia taratibu, "Nyoosha mkono." Akautoa mwiko kwenye ugali wa moto, akampiga nao kwenye kifundo cha mkono. Halafu akasema, "Haya, sema asante."

Loo! Si ndiyo yale Felista aliyomwambia Mama, kwamba akishapigwa anasimamishwa aseme asante? Ninyi mkasema anaongeza chumvi.

Nikaingia. Yule mbwa akageuka, sura imeshabadilika: "Karibu shemeji, uji upo." Nikampeleka kwa sajini. Sajini akamuuliza mzee, mzee akatazama chini, akasema amejiunguza mwenyewe. Hata Felista mwanzoni si alikuambia ameanguka kisimani? Basi, mambo yakaishia hapo. Nilitoka nje nikatema mate.

Wafungwa walioletwa kwetu kwa kuumiza wake zao nawasikia wakipiga soga wakiwa shambani. Huyu anasingizia pombe, huyu mboga isiyo na chumvi, huyu mama mkwe. Hata mmoja hasemi, "Ni mimi." Kinyaa kitupu! Na Kastori wala si mlevi aliyekosea. Anajua vizuri nani ana nguvu na nani hana, hasira yake anaitunza mpaka ampate asiye na nguvu. Ulanzi haukumfundisha hilo, na akiuacha hatabadilika.

Anatoka wiki ijayo. Ameniomba mimi, kwa mdomo wake, nikuandikie kwamba amekuwa mtu mwingine, kwa kuwa utaniamini. Nikamwambia nitaandika. Ndiyo barua hii.

Najua utasema mimi ni mtoto, haya ni mambo ya wazee. Nisamehe, Baba. Lakini mkishakula huyo mbuzi, wazee mtarudi kulala makwenu, na Felista atalala kwa Kastori. Nakuomba mbuzi asipokelewe. Kama ni aibu kukaa na binti aliyeachana na mumewe, mpandishe lori aje kwangu. Chumba kipo, mke wangu amekubali, na mimi nitamlisha.

Nisalimie Mama mdogo na watoto wake, Babu wa upande wa pili wa mto, na kaka yangu mkubwa. Mwambie aache kuwatetea hao ndugu wa Kastori eti kwa sababu wanalima pamoja. Mshukuru katekista kwa kusoma.

Naomba pia Felista awepo wakati barua inasomwa. Kama mmemtoa nje, mwiteni, asomewe tena.

Felista mdogo wangu, sikuambiwa na mtu. Nimemsikia mwenyewe akisema, "Sema asante." Ulisema kweli.

Ni mimi mwanao, na kaka yake,
Benedikti