Betri Kwapani mwa Mama Chela

Jumatatu, 7 Julai

Mizani ya tatu leo. Fungua, safisha, weka programu mpya, funga. Baba anauza misumari mbele ya duka, mimi niko stoo na jiko la makaa. Hapa Merigi leo ni baridi, chai inapoa kabla sijafika nusu.

Simu kutoka kituo cha kununulia majani ya chai. Mizani yao imepoteza uzani wote wa asubuhi. Mara ya pili hii. Programu niliiandika mimi, hata ile sehemu ya kuizima betri ikiisha. Nikawaambia ni betri imezeeka. Nilisema haraka sana.

Jumanne, 8 Julai

Wakulima wanasema karani anakula kilo zao. Karani ni Mama Chela. Ndiye alikuwa akipima majani ya shosho, nyanya yangu, nikiwa mdogo. Kamati inakaa Ijumaa, na wakiamua, anatolewa. Hana kazi nyingine.

Mizani yake wameniletea. Nimeimaliza betri mara ishirini hapa stoo. Kila mara inajizima vizuri, haipotezi kitu. Ningefurahi, lakini kama si mizani, basi ni yeye. Nimeanza kumshuku. Naona haya kuandika hivyo.

Jumatano, 9 Julai

Nimemrudishia mizani mwenyewe, nikakaa nione. Ukungu mpaka magotini. Mama Chela hakunisalimia.

Alipima majani ya watu watano, betri ikaisha, mizani ikajizima. Sawa. Halafu akatoa betri, akaitia kwapani ndani ya sweta, akaendelea kupanga foleni. Baadaye akairudisha. Mizani ikaamka, ikasema iko tayari. Gunia la mzee mmoja likaning'inizwa, printa ikaanza kutoa risiti, skrini ikawa giza. Tulipoiwasha tena, asubuhi yote ilikuwa imefutika.

Nikamuuliza nani alimfundisha hiyo ya kwapa. Akaniangalia kama mjinga.

"Hata tochi tunafanyia hivyo. Betri ni kama kifaranga, mtoto wangu. Ikishikwa na baridi unaipatia joto."

Na mimi nilijaribia kando ya jiko, betri ikiwa na joto wakati wote. Wah.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeelewa. Joto linaiamsha betri kidogo tu. Programu yangu inaiuliza hali wakati wa kuwaka, kabla haijabeba mzigo wowote wa umeme, nayo inajibu iko sawa. Printa ikivuta umeme, nguvu inaanguka ghafla. Wakati huohuo mimi naandika orodha nzima upya kwenye memori. Orodha nzima, kwa kila gunia! Uvivu wangu huo, niliuacha mwaka jana nikasema nitaurekebisha.

Sasa kila uzani unaongezwa peke yake mwisho wa orodha, na printa haiamki mpaka uwe umehifadhiwa. Betri inapimwa ikiwa na mzigo. Na mizani ikijizima kwa betri, haipimi tena mpaka ichajiwe kweli. Kwapa halitoshi.

Nimeweka betri kwenye friji ya soda, kisha kwapani mwangu. Baba aliniona, akarudi kwa misumari yake. Mara thelathini. Hakuna hata kilo iliyopotea.

Ijumaa, 11 Julai

Mwenyekiti alikuwa tayari kulaumu betri. Ingekuwa rahisi. Nikasimama nikasema kosa ni la programu, na programu ni yangu. Mzee wa juzi akauliza mbona Jumatatu nilisema vingine. Nikamwambia niliogopea jina langu.

Nilikuwa na mizani mbili, moja na programu ya zamani. Mama Chela akatia betri baridi kwapani mbele ya kamati nzima, watu wakacheka. Ya zamani ikafuta kila kitu kama Jumatano. Mpya ilikataa kupima, na uzani wa kwanza ulikuwa bado ndani.

Mama Chela anabaki. Mikono yote iliinuliwa. Mimi nimeambiwa nibadilishe programu kwenye mizani za vituo vyote, na nianze kesho. Ni haki yao.

Jumatatu, 14 Julai

Nimepita kituoni asubuhi. Baridi ileile. Mizani ilijizima magunia matatu yakiwa bado hayajapimwa. Mama Chela akapeleka betri kwa chaji bila kunung'unika, akafungua daftari, akawaambia wenye magunia wangoje kidogo. Akanisogezea kikombe cha chai.

Kisha akakaa kwenye benchi, akaingiza mikono yake mwenyewe kwapani, tukangoja.